Sauti nayo ni silaha, lichunge sikio lako

MSOMAJI wangu, siku utakapojaliwa kufika Kizingitini, kule kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Pate katika visiwa vya Lamu, usitosheke kuitazama bahari ukiwa ufuoni. Omba wenyeji wakupeleke penye miamba, uingie majini, uzamishe kichwa hadi masikio yafunikwe, kisha utulie tuli. Utasikia mchakato usiokoma, mithili ya mafuta yanayochemka kikaangoni au kuni zinazoalika motoni. Watu wengi wa bara hudhani kwamba chini ya bahari ni kimya kama kaburini. Hasha! Bahari yenye miamba ina kelele kama Marikiti siku ya Jumamosi.

Wenye kelele hizo ni viumbe wadogo wa jamii ya kamba, urefu wao sentimita tatu hadi tano tu. Gando lao moja ni la kawaida, lakini la pili ni kubwa kupita kiasi, utadhani bondia aliyevaa glavu mkono mmoja. Kamba huyu anapolifunga gando hilo kubwa kwa ghafla, maji huchupa kwa kasi ya kilomita zipatazo 100 kwa saa, na hapo hutokea kiputo kidogo. Kiputo hicho hakidumu. Maji yanayokizunguka hukibana kikapasuka, na mlio unaousikia ndio huo.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mlio ule hutokana na pande mbili za gando kugongana. Mwaka 2000 wanasayansi walionyesha kwamba chanzo chake hasa ni kiputo. Mwaka uliofuata wakabaini kwamba ndani ya kiputo hicho joto hufikia takriban nyuzi 5,000, karibu sawa na joto la uso wa jua, ingawa kwa muda mfupi kuliko hata kupepesa jicho. Kaa mdogo au kisamaki kilicho karibu hulewa kwa kishindo hicho, na kamba akakiburuta shimoni kuwa kitoweo. Hana sumu wala mwiba. Silaha yake ni mshindo.

Basi leo, msomaji, tuzungumze juu ya sauti kama silaha na yale inayoutenda mwili wa binadamu. Ni jambo linalomhusu mvuvi wa Kizingitini, na vilevile linakuhusu wewe unayesoma gazeti hili Eastleigh, Kariobangi au Likoni, pengine muziki ukikurindimia masikioni saa hii. Na kama kuna jambo moja ningependa ulishike hadi mwisho wa makala haya, ni hili: mwili haujui kama sauti imetumwa na adui au imeletwa na rafiki. Unajua nguvu yake tu.

Ngoma na ngozi

Mwanafunzi wa shule ya upili atakwambia kwamba sauti ni mawimbi. Amesema kweli, lakini maana yake ni nini? Itazame ngoma inapopigwa. Ngozi hubonyea na kuinuka, na kila inapoinuka huisukuma hewa iliyo karibu. Hewa hiyo huisukuma hewa ya mbele yake, na msukumo ukapokezanwa hivyo hadi kwenye sikio lako. Ndani ya sikio mna ngozi nyingine, nyembamba mno, iitwayo ngoma ya sikio, nayo hutikisika kwa kufuata msukumo ule. Kwa hiyo kusikia, kwa hakika, ni kupigwa. Unapigwa kidogo kidogo na hewa, mara mamia au maelfu kwa sekunde, nawe hujui kwa sababu mapigo yenyewe ni mepesi.

Nguvu ya mapigo hayo hupimwa kwa desibeli. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Kila zinapoongezeka desibeli 10, nguvu ya sauti huongezeka mara 10. Mazungumzo ya kawaida sebuleni ni kama desibeli 60. Sauti ya desibeli 120, ambayo huanza kuumiza masikio, si mara mbili ya hiyo. Ni mara milioni moja! Tena ukipanda zaidi na zaidi, sauti huacha kuwa sauti tunayoijua na kuwa kishindo cha mlipuko, ukuta wa hewa unaokimbia na kubomoa. Bomu na ngoma ni ndugu wa baba mmoja, ila mmoja ni mtoto na mwingine ni jitu.

Meli na maharamia

Kwamba binadamu naye amejifunza hila ya yule kamba, ushahidi upo katika bahari hii hii inayoosha ufuo wa Kizingitini. Tarehe 5 Novemba 2005, meli ya kitalii iitwayo Seabourn Spirit ilikuwa ikipita mbali na pwani ya Somalia, ikitarajiwa kutia nanga Mombasa. Alfajiri, abiria wakiwa bado vitandani, mashua mbili za maharamia ziliikaribia zikifyatua risasi na makombora. Nahodha aliongeza mwendo na kubadilisha njia. Walinzi wawili, Michael Groves na Som Bahadur Gurung, walipambana nao kwa mpira wa maji wa kuzimia moto na kwa chombo kimoja cha ajabu chenye umbo la sinia kubwa, kilichorusha sauti kali kuelekea kwenye mashua.

Gurung alijeruhiwa, lakini maharamia hawakufaulu kupanda. Meli ilighairi safari ya Mombasa ikaelekea Ushelisheli, kombora moja ambalo halikulipuka likiwa limenasa ubavuni mwake. Mwaka 2007 Malkia Elizabeth wa Uingereza aliwatunuku walinzi hao wawili kwa ushujaa wao.

Chombo hicho kilibuniwa nchini Marekani baada ya manowari yao, USS Cole, kushambuliwa na mashua ndogo iliyosheheni baruti katika bandari ya Aden mnamo Oktoba 2000, wakafa wanamaji 17. Jeshi la wanamaji lilitaka njia ya kuzionya mashua zingali mbali. Watengenezaji husema ni kipaza sauti tu cha kufikisha ujumbe, wala si silaha. Lakini kile kikubwa, ukisimama mita moja mbele yake, huweza kutoa takriban desibeli 150. Sauti yake haisambai kila upande kama ya spika ya harusini. Hukusanywa ikaelekezwa mahali pamoja kama mwanga wa kurunzi. Aghalabu mlio wake wa onyo huwa wa mitikisiko 2,000 hadi 4,000 kwa sekunde. Kiwango hicho hakikuchaguliwa ovyo, kwani ndipo sikio la binadamu lilipo jepesi zaidi.

Je, silaha hiyo ni kiboko cha maharamia? La. Mnamo Novemba 2008, meli ya kubeba kemikali iitwayo Biscaglia ilishambuliwa katika Ghuba ya Aden. Walinzi wake waliwarushia maharamia sauti ya chombo kama hicho, lakini maharamia hawakurudi nyuma. Walinzi watatu walilazimika kujitosa baharini kuokoa maisha yao, wakaopolewa na helikopta. Sauti humtisha aliyekuja kujaribu bahati. Mwenye bunduki mkononi na aliyeziba masikio, huenda asibabaike.

Kutoka baharini, vyombo hivyo vilipanda nchi kavu. Mwaka 2009, polisi wa mji wa Pittsburgh nchini Marekani walikitumia kimoja kuwatawanya waandamanaji wakati wa mkutano wa wakuu wa mataifa tajiri. Profesa mmoja aliyekuwa pale akitazama tu alikwenda mahakamani akisema kwamba uwezo wake wa kusikia uliharibika. Mwaka 2012 mji huo ulikubali kumlipa dola 72,000 kesi iishe. Hapo ndipo ulipo ubaya wa silaha hii, msomaji. Risasi humpata mmoja, lakini sauti haichagui. Aliyerusha jiwe, mchuuzi wa maji na mama aliyebeba mtoto mgongoni, wote huipokea sawasawa.

Hata muziki wenyewe umewahi kutumiwa vitani. Desemba 1989, majeshi ya Marekani yalipoivamia Panama, mtawala wake Manuel Noriega alikimbilia katika ubalozi wa Vatikani. Askari waliuzingira ubalozi huo wakafungulia spika kubwa, wakapiga muziki wa roki usiku na mchana. Noriega alijisalimisha tarehe 3 Januari 1990. Bila shaka yapo mengine yaliyomshinikiza, lakini kila aliyewahi kukaa karibu na klabu ya usiku ataelewa mateso ya walioishi mle.

Ndani ya sikio

Sasa tuuangalie mwili. Nyuma ya ngoma ya sikio mna vijifupa vitatu, vidogo kuliko vyote mwilini. Hivyo huupeleka mtikisiko hadi kwenye kiungo kilichojipinda kama konokono, chenye majimaji ndani yake. Humo zimo chembechembe zipatazo 15,000 katika kila sikio, kila moja ikiwa na vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Mawimbi ya majimaji yakivilaza vinyweleo hivyo, habari hupelekwa kwenye ubongo, nawe ukasema, "Nimesikia."

Vifananishe na nyasi uwanjani. Watu wachache wakipita juu ya nyasi, huinama, kisha zikainuka tena. Ndiyo maana ukitoka kwenye disko masikio huwa mazito na huvuma kama mbu, na kesho yake ukapata nafuu. Lakini likipita jeshi zima, au wakipita watu wale wale kila siku, nyasi hufa pakabaki upara. Tofauti ni kwamba nyasi huota tena mvua ikinyesha, ilhali chembechembe za sikio la binadamu hazioti kamwe. Ulizozaliwa nazo ndizo utakazozeeka nazo. Kifaa cha kusaidia kusikia huongeza sauti, lakini hakizifufui zilizokufa.

Zinazotangulia kufa kwa kawaida ni zile za sauti nyembamba. Kwa hiyo mgonjwa haoni dalili mapema. Anasikia vizuri ngurumo ya lori, lakini herufi kama "s", "f" na "th" zinamponyoka. Anasema watu siku hizi wanaguguna maneno. Mkewe anasema mzee hataki kusikiliza. Mwalimu anasema mtoto ni mzembe. Kumbe ni sikio!

Sauti ikizidi hapo, ngoma yenyewe hupasuka. Mlipuko ukiwa mkubwa zaidi, mapafu na utumbo hujeruhiwa, kwa sababu ni viungo vyenye hewa, na hewa hubanwa kwa ghafla na kutanuka kwa ghafla. Mtu anaweza kutolewa penye mlipuko akiwa hana hata mchubuko, akatembea kwa miguu yake, kisha baadaye akaanza kukosa pumzi. Usimwambie aende nyumbani kupumzika. Mpeleke hospitali.

Hapa kwetu, somo chungu zaidi tulilipata tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa jijini Nairobi, wakafa watu zaidi ya 200 na kujeruhiwa maelfu. Kabla ya bomu kubwa ulisikika mlio wa kwanza. Watu waliokuwa katika majengo ya karibu walikimbilia madirishani kutazama kulikoni. Kishindo kikuu kikawakuta pale, uso kwa uso na vioo. Wengi walipoteza macho kwa namna hiyo. Wafunze watoto wako jambo hili leo: ukisikia mlio usioujua, usiende dirishani. Jitenge na vioo, lala chini, ujifunike kichwa.

Chini ya maji

Turudi Kizingitini, maana majini mambo huwa mengine kabisa. Watu wa huko, Wabajuni, wanasifika kwa uvuvi, hasa kamba mawe, wale wakubwa wanaoishia kwenye sahani za hoteli za kitalii. Wazamiaji wengi hawana mitungi ya hewa. Huvuta pumzi, wakazama hadi kwenye matundu ya miamba, wakamtoa kamba na kurudi juu kabla pumzi haijaisha. Kwa mtu kama huyo, sikio ni kiungo cha kazi kama lilivyo jicho la dereva.

Katika hewa, sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Majini husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hiyo. Matokeo ya kwanza ni kwamba mzamiaji hawezi kutambua sauti inatoka upande gani. Ukiwa barabarani, ubongo hulinganisha tofauti ndogo ya wakati sauti inapofika sikio la kulia na la kushoto, ukajua matatu inakuja kutoka wapi. Majini tofauti hiyo hupungua mno. Mzamiaji husikia injini ya mashua kana kwamba iko kila mahali, asijue aibukie wapi. Enyi manahodha, hilo nalo mlikumbuke mnapopita penye wazamiaji.

Matokeo ya pili ni mabaya zaidi. Nchi kavu, sehemu kubwa ya sauti hugonga ngozi yako ikarudi. Mwili wako umejaa maji, kwa hiyo ukiwa baharini wimbi la mlipuko halioni mpaka kati yako na bahari. Hupita ndani yako kama vile haupo, hadi likutane na mahali penye hewa: mapafu, utumbo, sikio la kati na mianzi iliyo ndani ya fuvu la uso. Hapo ndipo hurarua. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mabaharia walioruka kutoka kwenye meli zinazozama walikutwa majini na milipuko ya mabomu ya kupigia nyambizi. Wengine waliopolewa wakiwa hawana jeraha la nje, kumbe utumbo na mapafu yameshapasuka. Ndiyo maana anayejikuta majini mlipuko ukikaribia hushauriwa atoke haraka, na akishindwa, aelee chali kifua na tumbo vikiwa karibu na hewa iwezekanavyo. Vibaya kabisa ni kubaki wima mwili wote ukiwa chini.

Utauliza, ni nani wa kulipua baruti kwenye bahari ya wavuvi? Jibu ni wavuvi wenyewe. Jirani zetu wa Tanzania wameteseka kwa miongo mingi na uvuvi wa mabomu, ingawa sheria iliupiga marufuku tangu 1970. Mwaka 2015, watafiti walipita baharini kutoka mpaka wa Msumbiji hadi mpaka wa Kenya wakikokota vinasa sauti majini. Kwa muda wa mwezi mmoja hivi walinasa milipuko zaidi ya 300, na zaidi ya nusu ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Baadaye serikali iliendesha msako mkali, na milipuko ikapungua sana.

Samaki wengi wana kibofu cha hewa kinachowasaidia kuelea. Mshindo wa baruti hukipasua, na uti wa mgongo pengine ukavunjika. Baadhi huelea wakaokotwa, lakini wengi huzama wakaozea chini bila kumfaa yeyote. Miamba iliyojengeka kwa miaka mingi hugeuka kifusi, na penye kifusi kamba mawe hana tundu la kujificha. Wapo waliopoteza mikono, macho na hata maisha kwa baruti iliyowalipukia mashuani. Na mzamiaji aliye mahali ambapo mlipuaji hamwoni, naye yumo katika shabaha, kwani wimbi halina macho.

Zaidi ya hayo, ngoma ya sikio ikipasuka chini ya maji, maji baridi huingia ndani na kukivuruga kiungo cha kuusawazisha mwili. Dunia huzunguka. Mtu hajui juu ni wapi na chini ni wapi, akaweza kuogelea kuelekea sakafuni akidhani anapanda. Kwa asiye na mtungi wa hewa, sekunde chache za kupotea ni roho. Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 inakataza kuvua kwa baruti. Vijana wa Kizingitini, Faza, Kiwayu na Kiunga wasidanganywe na yeyote atakayewaletea biashara hiyo akisema ni njia ya mkato.

Wala si baruti pekee. Mwaka 2008, nyangumi wadogo wapatao 100 waliingia katika wangwa wa Loza, kaskazini magharibi mwa Madagaska, na wengi wao wakafa. Jopo la wataalamu huru lilisema mwaka 2013 kwamba sababu iliyoelekea zaidi kuwaogofya ni chombo cha kupimia sakafu ya bahari kwa sauti, kilichotumiwa na meli ya utafiti wa mafuta. Waliokuwa melini hawakukusudia kuua. Lakini nimekwisha kukwambia kwamba mwili hauulizi nia.

Ukweli na uvumi

Kwa kuwa sauti haionekani, imezushiwa mengi. Wapo wanaodai kwamba kuna mlio mzito ambao ukipigwa umati mzima utajiharia. Majaribio hayajathibitisha hadithi hiyo. Mwaka 2016, wafanyakazi wa ubalozi wa Marekani nchini Kuba walianza kulalamika kwamba wanasikia sauti za ajabu na kuugua kichwa na kizunguzungu, na dunia nzima ikasema ni silaha mpya ya sauti. Mwaka 2019, wanasayansi walioichunguza sauti moja iliyonaswa huko walisema inalingana na mlio wa nyenje wa nchi zile! Nayo mashirika mengi ya ujasusi ya Marekani yalisema mwaka 2023 kwamba ni vigumu sana kuamini adui wa nje alihusika. Wagonjwa waliugua kweli, lakini hadithi ya bunduki ya sauti haikusimama.

Kisa kingine kitawafurahisha wanafunzi. Mwaka 2005, fundi mmoja wa Wales, Howard Stapleton, alitengeneza kifaa cha kuwafukuza vijana wanaorandaranda madukani. Hutoa mlio mwembamba wa mitikisiko zaidi ya 17,000 kwa sekunde, ambao vijana huusikia ukawakera, lakini wazee wengi hawausikii kwa kuwa masikio yao yamechakaa. Vijana hawakukubali kushindwa. Mwaka uliofuata mlio wa namna hiyo ukawa mlio wa simu zao, ikawa simu inaita darasani na mwalimu hana habari.

Silaha ya nyumbani

Tumekwenda Aden, Panama na Madagaska. Sasa turudi chumbani mwako. Silaha ya sauti yenye kuumiza watu wengi zaidi haimo mikononi mwa polisi wala maharamia. Tumeinunua wenyewe.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wamo hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya muziki wa sauti ya juu. Wataalamu wengi huona desibeli 85 kwa saa nane kwa siku kuwa kikomo. Kwa kila desibeli tatu zinazoongezeka, muda salama hupungua nusu: desibeli 88, saa nne, desibeli 91, saa mbili, desibeli 100, dakika 15 tu. Hebu fikiria abiria anayekaa saa nzima ndani ya matatu yenye spika chini ya kiti, asubuhi na jioni. Mfikirie utingo anayeshinda humo, fundi wa jua kali wa Kamukunji anayegonga mabati kutwa, mwendeshaji wa mashine ya kusaga unga, na yule kijana wa mashua anayekaa karibu na injini kutoka Lamu hadi Kizingitini. Wote wanapigwa na silaha ile ile, ila kwa malipo ya polepole.

Sheria ipo. Kanuni za mwaka 2005 zinamtaka mwajiri asimweke mfanyakazi penye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa nane bila kinga, na kanuni za NEMA za 2009 zinakataza kelele za kupita kiasi mitaani. Lakini askari hawezi kukaa ndani ya sikio lako. Mlinzi wa kwanza ni wewe.

Kwanza, kama aliye umbali wa mkono mmoja nawe ni lazima upaze sauti ndipo akusikie, mahali hapo pana kelele ya kudhuru. Punguza, ondoka, au ziba masikio kwa vizibo vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa. Pamba pekee haisaidii sana. Pili, ukitumia spika ndogo za kuchomeka masikioni, usipandishe sauti kupita kiasi cha asilimia 60, na uyapumzishe masikio kila baada ya muda. Tatu, masikio yakivuma baada ya kelele, hiyo ni hati ya onyo. Nne, ukipoteza kusikia kwa ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo wala usingoje wiki ijayo, kwani kuna matibabu yanayofaa mapema tu. Usitie mafuta ya moto wala kuchokora kwa kijiti. Tano, mzamiaji mwenye mafua mazito au sikio linalotoa usaha asizame hadi apone, hata kama kamba mawe wamepanda bei.

Mzazi, mpime mwanao kwa hekima. Mwite kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa mgongo, chumba kikiwa kimya. Akikosa kuitika mara kwa mara, usishike fimbo. Mpeleke kliniki apimwe masikio.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Nasi tuongeze kwamba sikio lililokwisha kufa halina dawa. Yule kamba mdogo wa baharini huipiga silaha yake mara moja, akapata kitoweo, akanyamaza. Sisi hatujui kunyamaza. Jioni ya leo, kabla hujalala, zima redio, zima simu, fungua dirisha usikilize. Ukiweza bado kusikia nyenje wakilia nje, shukuru, na uamue kwamba mwaka ujao utawasikia tena.

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.